Spika zenye amplifaya ndani haziungwi kama spika za kawaida

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wanunuzi na wauzaji wa spika hapa Dar es Salaam. Spika zenye amplifaya yake ndani, mpya na za mtumba, zimejaa Kariakoo. Nyingi zinazofikishwa kwa fundi kwa kuitwa mbovu zilikuwa nzima. Zimeunguzwa siku ya kuungwa.

Spika hizi hazihitaji nguvu kutoka kwenye amplifaya nyingine. Zinataka mawimbi madogo ya sauti, volti 2 hivi au pungufu. Amplifaya inayotoa wati 50 kwenye spika ya omu 8 hupeleka volti 20 kwenye terminali zake za spika. Ukiunga terminali hizo kwenye tundu la RCA (lile la duara la waya wa sauti) la spika yenye amplifaya ndani, sauti itakwaruza na saketi ya kupokea sauti inaweza kufa. Tena kwenye amplifaya nyingi ndogo za siku hizi na za magari, terminali nyeusi si ethi, yaani haijaungwa na waya wa ardhini. Ikikutana na ganda (chuma cha nje) la waya wa RCA ambalo upande wa pili limeshika ethi, hiyo ni shoti, na safari hii inayoungua ni amplifaya.

Tafuta nyuma ya amplifaya matundu yaliyoandikwa PRE OUT, yanayotoa mawimbi madogo kabla ya kukuzwa, uyaunge na LINE IN (tundu la kuingizia sauti) ya spika kwa waya wa RCA. REC OUT, tundu la kutolea sauti ya kurekodi, nayo inafaa, ila kitufe cha sauti cha amplifaya hakiiongozi, kwa hiyo shusha kwanza sauti ya spika zenyewe. Kama hakuna yote mawili, mafundi wa redio za magari wanauza kifaa kidogo cha kushusha mawimbi kutoka terminali za spika hadi RCA. Na kama unachosikiliza ni simu au runinga tu, amplifaya ya nje ya nini? Unga moja kwa moja.

Umeme wetu ni volti 230. Mtumba kutoka Japani huwa wa volti 100, wa Marekani 120. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka. Kikisema 100–240, endelea. Kuna swichi ya 115/230? Iweke 230 spika ikiwa imechomolewa. Kama ni 100 au 120 pekee, nunua transfoma ya kushusha umeme yenye wati zaidi ya zilizoandikwa kwenye spika. Plagi ya kubadilishia miguu haishushi volti hata moja.

Kuhusu ethi sina upole. Spika ikivuma, wapo wanaokata waya wa kijani na njano, na mvumo unaisha kweli. Lakini siku waya wa moto ukigusa bodi ya chuma, umeme hauna pa kukimbilia. Unapita kwenye ganda la RCA hadi kwenye amplifaya na simu iliyochomekwa hapo. Mvumo huo kwa kawaida hutokana na vyombo kushika ethi kwa njia mbili. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, kisha chomoa waya wa dishi kwenye dekoda usikilize. Ukibaki, weka transfoma ya kutenganisha sauti kwenye waya wa RCA.

Mchezo wa kusukuma njiti au peni kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili iingie ni wa hatari vilevile. Miguu inakaa legelege, inachoma soketi, na spika inayohitaji ethi inaikosa. Funga plagi ya miguu mitatu: kahawia kwenye L, bluu kwenye N, kijani na njano kwenye E. Fyuzi ya ampea 3 inabeba karibu wati 690, inatosha spika nyingi za nyumbani; ile ya 13 inayokuja na plagi ni kubwa mno kwa waya mwembamba. Vyumba vingi vya kupanga vina soketi ya matundu matatu isiyo na ethi nyuma yake, na testa ya bisibisi haiwezi kukuonyesha hilo. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, aipime.

Washa amplifaya kwanza, spika mwisho. Kuzima, anza na spika. Umeme ukikatika, zizime zote usingoje urudi.

Wauzaji nao wauze spika hizi pamoja na waya wa RCA na plagi yenye fyuzi inayofaa, badala ya kumwachia mteja waya wenye ncha zilizochunwa.

Fundi wa vyombo vya muziki,
Dar es Salaam