Mgombea binafsi karuhusiwa, sasa kura zake zinaenda wapi?

Mhariri, salaam na pole na majukumu.

Kila mjadala wa katiba ukipamba moto huku kwetu Tanzania lazima atokee mtu aseme mgombea binafsi aruhusiwe kama Afrika Kusini, na mi nakubali kabisa aruhusiwe, hata Mahakama ya Afrika ilishasema hivyo tarehe 14 Juni 2013 kwenye kesi ya marehemu Mchungaji Mtikila na mpaka leo tunasubiri. Ila jamani tuangalie kwanza yaliyowakuta wenzetu tarehe 29 Mei 2024.

Siku hiyo ndo mara ya kwanza watu wasio na chama waligombea bunge la taifa na mabunge ya majimbo. Waliopata kiti? Hakuna hata mmoja. Hata Zackie Achmat, yule aliyepigania dawa za ukimwi miaka na miaka, aligombea bunge la taifa kupitia jimbo la Western Cape akakosa.

Wapo wanaosema wagombea walikuwa wepesi. Mi naona tatizo ni hesabu. Jimbo la kule sio jimbo la mbunge kama la kwetu, linabeba miji na wilaya nyingi kwa pamoja, sasa mtu mmoja hana ofisi hana magari anatakiwa azunguke Gauteng nzima, jimbo lenye Johannesburg, kuokota kura, bunge la jimbo hilo lina viti 80 lakini hakuna kiti chenye eneo lake, kura zinajumlishwa jimbo zima halafu viti vinagawiwa kwa uwiano wa kura. Chama kikipata kura za viti vitano kinachukua vitano. Mgombea binafsi akipata kura hizo hizo anapewa kimoja tu, vilivyobaki vinarudi kwenye hesabu wanagawana wengine, yaani wewe uliyevikimbia vyama kura yako inaenda kuvinenepesha! Hapo ndo panaponiuma hasa. Na huyo mgombea binafsi aliyepata kiti akifa au akijiuzulu hakuna uchaguzi mdogo, hesabu inapigwa upya kama vile hakuwahi kuwepo.

Sahihi za wadhamini nazo, sheria ya 2023 ilitaka maelfu kwa maelfu mpaka Mahakama ya Katiba Desemba mwaka huo ikashusha zikawa 1,000. Angalau hilo lilirekebishwa.

Sasa huko huko Afrika Kusini kwenye udiwani wagombea binafsi wanashinda toka zamani, maana kata ina mipaka, watu wanamjua anayewafuatilia maji na barabara, na anayeongoza kwa kura ndo anachukua. Ubunge wetu wa majimbo uko hivyo hivyo, mgombea binafsi akiruhusiwa leo anaweza kushinda kweli.

Kwahiyo wanaotaka tulete mgombea binafsi na viti vya uwiano kwa mpigo, naomba watuambie kwanza kura zinazozidi za mtu asiye na chama watazipeleka wapi, maana jibu la Afrika Kusini mi silitaki.

Msomaji wenu wa siku zote