Kitabu kisisubiri mtoto aanze shule

Mhariri,

Hapa Kigoma wazazi wengi tunadhani kitabu ni kazi ya mwalimu. Mtoto wa miaka miwili akikishika, ananyang'anywa asije akakichana. Naomba tubadilike. Programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto (PJT-MMMAM), iliyozinduliwa mwaka 2021, inahesabu ujifunzaji wa awali kuwa sehemu ya malezi sawa na lishe na afya, na inamgusa mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8.

Muda upo. Mwaloni Kibirizi nilimwona mama akisubiri dagaa wakauke, mwanawe mapajani, kitabu cha picha mkononi. Maandishi hakuyagusa. Alionyesha picha ya mtumbwi akauliza, "Baba huyu anakwenda wapi?" Mtoto akajibu, "Ziwani!" Mama akaongeza, "Eeh, ziwani, na karabai yake." Hapo hapo mtoto kapata neno jipya. Ukurasa ule mmoja walikaa nao mpaka dagaa wakageuzwa. Mazungumzo ya namna hiyo hata bibi asiyejua kusoma anayaweza, na yakiwa kwa Kiha hayapungui thamani. Ugali ukiwa bado jikoni, au kabla ya kulala, kurasa mbili zinatosha.

Shida kubwa ni vitabu vyenyewe. Nawaomba walimu wakuu wa shule za msingi wawaruhusu wazazi wenye watoto wadogo kuazima kitabu Ijumaa na kukirudisha Jumatatu.

Mzazi,
Mwanga, Kigoma