Shoga, nitafutie jike

Kijitonyama, Dar es Salaam

Kwako shoga yangu Mwanahawa,

Salamu. Mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Haya, ya darasa la nne tumeyamaliza. Najua uliniandikia tangu kabla ya Ramadhani nami nikanyamaza, na Chiku kashaniambia kuwa umenuna. Nuna, ila soma mpaka mwisho, maana nina ombi na hakuna mwingine wa kumwomba.

Yule nondo wa kijani wa msitu wa Pugu niliyekutumia picha, bosi anaamini ni spishi mpya. Na mimi naamini. Tatizo tunao madume watupu.

Ukimtazama mabawa huoni cha ajabu. Kijani, mstari mweupe uliokatikakatika kuanzia bawa la mbele hadi la nyuma, kidoa cheusi katikati, basi. Wa namna hiyo wako wengi tu. Na rangi yenyewe haitabiriki: kijani cha nondo hawa kikishika unyevu kinachujuka kuwa manjano, na joto la Dar unalijua. Magamba nayo yanapukutika kila ukimgusa. Mtu akimweleza kwa rangi peke yake, mwenzake akimkuta mzee aliyechakaa atasema huyu ni mwingine.

Ndiyo maana tunaingia tumboni. Unakata ncha ya tumbo, unaichemsha kwenye maji ya potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 mpaka nyama iyeyuke, kisha unasugua taratibu kwa brashi nyembamba. Kinachobaki ni yale magumu: kulabu ya juu, makoleo mawili ya kumshikia jike, na uume. Hayo hayachujuki. Huyu wetu kulabu yake imegawanyika nchani, ya spishi jirani tunayoifahamu ina ncha moja. Ndani ya uume wa jirani kuna kishada cha vijiba vidogo, kwa wetu kuna mwiba mmoja mrefu, umepinda kidogo. Niliuona mara ya kwanza usiku, umeme ukakatika hapo hapo. Nilisema maneno ambayo siwezi kukuandikia wewe mwalimu.

Kwenye harusi ya binti wa Baba Sofi shangazi akaniuliza siku hizi nafanya kazi gani. Nikamjibu, nachunguza viungo vya siri vya nondo. Akaweka sahani ya pilau chini. Mama hajanisamehe mpaka leo.

Lakini si mimi tu. Mwaka 2017 mtafiti wa nondo Vazrick Nazari alimweleza nondo mdogo wa California na akamwita Neopalpa donaldtrumpi, kwa ajili ya magamba ya manjano meupe yaliyomfunika kichwani. Dunia nzima ikazungumzia nywele. Ukisoma maelezo yenyewe utakuta viungo vya uzazi navyo vimo, kwamba ni vidogo kuliko vya mwenzake. Sisemi zaidi.

Sasa ugomvi wangu na bosi. Anataka tutume makala mwezi huu. Anasema kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hazidai jike: unateua kielelezo kimoja kuwa holotipu, yaani kile kinachobeba jina la spishi, unasema kitahifadhiwa makumbusho gani, unaeleza kinavyotofautiana na wengine, imetosha. Na ni kweli. Ila Wajerumani na Waingereza walikuwa wakikusanya wadudu pwani hii tangu karne ya 19, na kuna majina ya zamani yaliyosimama juu ya jike mmoja tu, yuko kwenye sanduku Berlin au London. Itakuwaje kama jike wa huyu wetu kashapewa jina? Jina la kwanza ndilo linaloshinda, letu litabaki la kufutwa. Mguu mmoja tumeupeleka kupimwa vinasaba, sawa, lakini tutavilinganisha na vya nani kama yule wa kale hajawahi kupimwa? Bila jike nitakuwa nalala na wasiwasi.

Hapo ndipo unapoingia wewe. Komba mdogo wa Rondo anaishi Rondo kwenu Lindi, na Pugu pia yupo. Misitu hii ya pwani ni vipande vilivyotawanyika lakini wakazi wake ni ndugu. Kwa nini nondo asiwepo?

Usiingie msituni. Tundika shuka jeupe uani, usiku usio na mwezi, hasa mvua ikishanyesha, uweke ile taa ninayokutumia kwa basi. Nakala ya kibali nayo iko ndani ya kifurushi, na Lindi imetajwa. Wakitua wa kijani, tazama papasi, zile nyuzi mbili za kichwani: dume ana papasi zenye manyoya pande zote mbili, jike nadhani zitakuwa nyembamba tu, kama uzi. Usimshike mabawa. Mtie kwenye kopo kavu lililofungwa vizuri, omba nafasi kwenye friza ya Mzee Nguli, kesho yake mkunjie karatasi pembetatu. Andika tarehe, mahali na jina lako. Bila tarehe na mahali huyo ni takataka, hata awe malkia.

Jina la spishi usiniulize. Bosi anataka la mfadhili, mimi nataka la msitu. Lako tutaliweka kwenye shukrani, hilo nakuahidi.

Haya niambie: sola ya nyumba ya walimu bado inafanya kazi? Mvua zimeshaanza huko? Mzee Nguli bado anauza soda baridi au friza ilishakufa? Mama Neema alikurudishia hela za kikoba? Na uhamisho wako vipi, maana wakikuleta Dar wiki ijayo mimi nani atanitafutia jike? Wale wanafunzi wako wa kidato cha pili, si uwape kazi ya kukesha kwenye shuka? Na mbona Rehema hapokei simu yangu?

Nijibu upesi kabla bosi hajatuma.

Wako,
Zuhura