Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania: zikatazeni benki kututumia linki

Mheshimiwa Gavana,

Kila siku tunaonywa tusibofye linki tusizozijua. Sawa. Lakini benki hizo hizo zinazotuonya ndizo zinazotutumia baruapepe zenye kitufe cha "Bofya hapa uhakiki taarifa zako". Mama mwenye duka Kariakoo ataijuaje ya tapeli, wakati nembo ni ile ile na rangi ni zile zile?

Tunaambiwa tukague anwani. Jina la mtumaji mtu anaweza kuandika lolote, kwa hiyo cha kutazama ni kilicho baada ya alama ya @. Linki ndiyo ngumu zaidi. Chukua hii: jinalabenki.co.tz.hakiki-akaunti.com. Jicho likishaona co.tz linaridhika, kumbe mwenye tovuti ni hakiki-akaunti.com, yaani kile cha mwishoni kabla ya alama ya /. Kwenye simu ndogo sehemu hiyo hukatwa, haionekani kabisa. Hapo hata msomi analiwa, na kumlaumu ni kumwonea.

Singapore walishaumia. Mwishoni mwa 2021 matapeli waliwatumia wateja wa benki ya OCBC ujumbe wa simu ulioingia katika mfululizo ule ule wa jumbe halisi za benki. Wateja 790 waliibiwa jumla ya dola milioni 13.7 za nchi hiyo, na benki ikaishia kuwalipa wote. Januari 2022 mamlaka ya fedha ikazipa benki wiki mbili kuondoa linki zote katika baruapepe na SMS kwa wateja wa kawaida. India nayo, mwaka 2025, iliziamuru benki zake zihamie kwenye anwani zinazoishia na bank.in, ambazo asiye benki hapewi.

Nakuomba utoe agizo kama hilo hapa kwetu. Benki ikitaka nihakiki taarifa, iniambie niende tawini au nifungue mwenyewe programu yake, linki isiwepo. Pia kila benki ilazimike kuweka kinga ya DMARC katika hali ya kukataa, ili baruapepe inayoghushi anwani yake isitufikie. SMS za "ile hela tuma kwenye namba hii" tunazipeleka 15040. Kwa baruapepe, kila benki ibandike mlangoni mwa tawi anwani ya kuziripoti, kwa maandishi makubwa.

Wako,
Mteja wa benki, Dar es Salaam