Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Darasa la Useremala kwa Njia ya Simu

Ndugu wanachama,

Habari za fedha mtazipata kwa mweka hazina. Mimi nitajikita kwenye darasa la useremala la mtandaoni, maana ndilo lililobeba kazi kubwa ya mwaka huu.

Siku hizi mwalimu hafundishi mubashara. Kila hatua hurekodiwa kwa dakika tatu au nne na kutumwa WhatsApp kama hati, kwani ikitumwa kama video ya kawaida hubanwa na mstari wa penseli haujulikani ulipo. Muda wa mubashara ni wa kutazama mikono ya mwanafunzi. Simu yake ikae nyuma ya bega la mkono usioshika msumeno, ikitazama ubao. Kwenye Zoom azime uchujaji wa kelele, la sivyo mlio wa msumeno hufutwa, na fundi mzoefu hutambua msumeno uliobanwa kwa kuusikia tu.

Kazi ya kwanza bado ni kisanduku cha mbao laini, kwa wakubwa na wadogo. Kinachowasumbua wengi ni pande kutolingana. Mtu huchora vipande vyote vinne kwa mpigo, kisha hukata juu ya mstari wenyewe. Msumeno hula karibu milimita moja na nusu kila unapopita, na upungufu huo huingia kwenye vipande. Chora kimoja, kata ukiuacha mstari kwenye kipande chako, ndipo uchore kingine.

Halafu kuna futi ya chuma. Wapo wanaogongea ile ndoana ya mwisho wakidhani imelegea. Jamani, hucheza makusudi, kwa kiasi cha unene wake, ili kipimo cha ndani na cha nje viwe sawa. Iacheni.

Mbao zinazopasuka mwishoni dawa yake ni kutoboa kwanza: skrubu ya milimita 4, tundu la milimita 2.5, sentimita 2 au zaidi kutoka ukingoni.

Watoto hawagusi mashine. Ubao wao hubanwa kwa jiliwa, haushikiliwi kwa mkono, na mzazi awe karibu mikono mitupu. Akiwa yeye ndiye mshika simu, kipindi kinasimama. Watu wazima nao wasivae glavu wanapotumia drili, maana ikinaswa na keekee huvuta na mkono.

Vyeti hatutoi. Anayetaka ujuzi wake urasimishwe tunamwelekeza VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, akapimwe kwa vitendo.

Kilichobaki ni kunoa patasi. Pembe ya mchongo (nyuzi 25) na ya makali yenyewe (nyuzi 30) huonekana kwenye picha, lakini ule ukingo mwembamba wa chuma unaojikunja nyuma ya makali, ambao ndio dalili kwamba jiwe la kunolea limefika kwenye makali, hutambulika kwa kidole tu. Kamati inapendekeza kila kundi likutane ana kwa ana siku moja kwa ajili ya kunoa, na nauli za wanafunzi zichangiwe na mfuko wa chama. Naomba mkutano ujadili na kupiga kura.

Mwenyekiti