Othello hakuangushwa na hanchifu

Kwa Mhariri,

Majuzi nilitazama tamthilia ya Othello ya Shakespeare ikiigizwa na vijana hapa Nairobi, na tulipokuwa tukitoka ukumbini niliwasikia watazamaji wakimcheka jenerali mzima aliyemuua mkewe kwa sababu ya hanchifu. Kicheko hicho kiliniuma, kwa kuwa hata sisi walimu wa fasihi tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba kilichomponza ni wivu, kisha tukafunga kitabu.

Wivu ulikuja baadaye. Othello ni mgeni mweusi aliyekabidhiwa majeshi ya Venice kwa sababu Venice ilimhitaji dhidi ya Waturuki. Brabantio, seneta wa Venice aliyemwalika nyumbani mara kwa mara ili asimuliwe habari za vita, ndiye huyo huyo anayedai kuwa binti yake Desdemona, aliyeolewa na Othello, amerogwa, kwani haamini kwamba angempenda mtu wa namna hiyo kwa hiari yake. Mbele ya Baraza Othello anajitetea kwa utulivu na kushinda, lakini tusi lile linabaki moyoni.

Naomba wasomaji walirejelee onyesho la tatu la tendo la tatu. Iago, ofisa wa Othello mwenye kinyongo kwa kuwa cheo cha luteni alipewa Cassio, hamtuhumu mtu waziwazi mwanzoni. Anauliza tu kama Cassio alijua habari za uchumba wao, anarudia maneno ya bwana wake kama mwangwi, kisha ananyamaza, na ukimya huo Othello anaujaza mwenyewe. Tena Othello ndiye anayeanza kusema kwamba huenda maumbile yakapotoka njia yake. Iago anaidaka kauli hiyo na kuikamilisha kwa kumkumbusha kuwa Desdemona aliwakataa wachumba wa nchi yake na wa rangi yake. Iago akishaondoka, Othello anabaki peke yake akijiambia kwamba pengine ameachwa kwa sababu ni mweusi, hajui maneno laini ya watu wa mjini, na umri umeanza kumtupa. Hayo hakuambiwa na mfitini yeyote saa ile.

Waswahili tunamjua Fumo Liyongo, ambaye silaha hazikumdhuru isipokuwa sindano ya shaba ya kitovuni, na aliyeuawa na mwanawe baada ya kumfichulia siri hiyo. Shaka ya Othello juu ya thamani yake ndiyo kitovu chake, na kwa maoni yangu Iago alikiona mapema kuliko mwenyewe.

Ndiyo maana hanchifu ya Desdemona, ambayo Emilia aliiokota na kumpa mumewe Iago, naye akaiacha chumbani mwa Cassio, ikatosha kuwa ushahidi kwamba Desdemona ana uhusiano na Cassio. Kabla ya kumuua mkewe, Othello hakumwuliza Cassio aliipata wapi. Swali hilo alilitamka hatimaye, na Cassio akalijibu kwa sentensi moja tu, kwamba aliikuta chumbani mwake, Desdemona akiwa tayari ni maiti kitandani.

Mwalimu wa fasihi,
Nairobi