Risala ya mama lishe wa stendi ya Korogwe kwa mgeni rasmi, siku ya kuwasha tanuru la majiko banifu

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa mtaa, wazee wetu, mama lishe wenzangu na madereva mliopaki ili mtusikilize, shikamooni wakubwa na wengine habari za saa hizi. Mheshimiwa karibu sana Korogwe, tumefurahi umekuja mwenyewe.

Sisi ni mama lishe wa hapa stendi pamoja na vijana wanne wanaofinyanga na kuchomelea majiko banifu, yale yanayokula mkaa kidogo. Tulianza kama kikoba cha kuweka na kukopa, mambo ya hewa ukaa, ile gesi ya moshi inayopasha dunia joto, tumeyajulia mbele ya safari, kilichotukutanisha ni bei ya mkaa. Gunia linatoka Handeni, likifika hapa limeshapita mikono kibao, unapika wali maharage kutwa nzima jioni ukifunga hesabu unakuta faida yote imeingia jikoni imekuwa majivu.

Sasa kuna siku tukasema hebu tujue huu mkaa unaenda wapi. Tukaazima mzani wa muuza nyama, kila mmoja anapima mkaa kabla hajaongeza jikoni na anaandika kwenye daftari ameongeza saa ngapi na kwa ajili gani. Wiki moja tu mheshimiwa. Kumbe mkaa mwingi tulikuwa hatupikii, tulikuwa tunasubiria mabasi! Chakula kinaiva saa nne asubuhi, mabasi ya kupanda Moshi na Arusha yanaingia kwa kupishana mpaka saa tisa, likiharibika moja njiani ndio kabisa, na muda wote huo sufuria liko juu ya moto eti lisipoe. Yaani miti ilikuwa inakatwa Handeni ili sisi tupashe moto chakula kilichoiva zamani.

Ndio tukaja na kapu. Ni kapu la ukindu la kawaida, ndani tunatandika maboksi na blanketi kuukuu, sufuria linaepuliwa likiwa linatokota, linazamishwa humo na juu linakandamizwa na mto ulioshonwa kwa mabaki ya vitenge. Maharage yakilowekwa usiku yanachemka nusu saa tu, yanamalizikia kuiva humo humo. Saa saba ukifunua mvuke unakupiga usoni! Kikipoa kidogo tunapasha, lakini jiko haliwaki tena kutwa.

Majiko nayo yalitutoa jasho. Jiko la bati tupu moto wake unaishia kwenye miguu ya mpishi, ndio maana vijana wakaanza kuweka udongo ndani. Yale ya kwanza yote yalipasuka, tuliyaanika juani kwa haraka ya kuuza, na udongo wa mfinyanzi ukikauka upande mmoja kabla ya mwingine lazima uachane. Sasa tunakausha kivulini taratibu kisha ndio linachomwa, na tanuru lenyewe ndio hili utakalotuwashia leo.

Mheshimiwa, hewa ukaa ya mkaa haianzii jikoni, inaanzia porini. Tanuru la kufukia kwa udongo linaweza kula kilo 6 mpaka 10 za kuni kutoa kilo 1 ya mkaa, kilichobaki kinapanda na moshi, na ndani ya moshi ule kuna gesi ya methani ambayo kwa uzito ule ule inapasha dunia joto kuliko hewa ukaa yenyewe. Kwa hiyo kilo moja tusiyoiwasha hapa stendi ni mzigo mzima wa kuni umebaki msituni.

Changamoto zipo. Serikali ilitoa agizo kwamba taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziwe zimeacha kuni na mkaa ifikapo Januari 2024, na mkakati wa nishati safi unataka ifike 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi kama gesi na umeme. Tunaunga mkono kwa moyo wote. Lakini mama lishe wa sahani 40 yupo wapi hapo? Shule inaweza kuwekwa kwenye bajeti, sisi bajeti yetu ni mauzo ya jana. Mitungi midogo ya gesi wengine tulipewa, ikaisha, kujaza ni zaidi ya elfu ishirini kwa mkupuo wakati mkaa unanunua kwa kopo, basi mtungi uko uvunguni.

Ombi letu ni moja mheshimiwa. Mto Pangani huu huu unazalisha umeme pale Hale tangu 1964, na jiko la presha la umeme linaivisha kilo ya maharage bila kumaliza uniti moja. Ile mikopo ya halmashauri inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo 4 ni ya wanawake, tunaomba usimamie ituruhusu kukopa majiko ya presha na kufungiwa umeme kwenye mabanda, turudishe kidogo kidogo kila wiki kama tunavyorejesha kwenye kikoba. Madaftari yetu ya marejesho yapo hapo mezani, yafungue uyaone.

Na kabla hujawasha tanuru tunakuomba ufunue lile kapu la pale mbele. Maharage yake yameepuliwa saa mbili na nusu, hakuna aliyeyagusa mpaka sasa hivi, wewe ndio wa kwanza kuonja. Karibu mheshimiwa, sahani hiyo hapo.